Safari Tuliyoila Kabla ya Kuondoka

Asubuhi moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na sasa nataka nikutolee uione. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatuamrisha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Nasema hivi kwa sababu mama yangu alihesabu umri wetu kwa mavuno ya pamba, na pamba nayo kuna mwaka haikuvunwa. Nilikuwa mrembo na nilikuwa mjinga, na mambo hayo mawili yalinifuata kila mahali kama mapacha. Usicheke. Habari ya urembo waulize wazee waliobaki Kasenga, mtaa wetu pale Uvira. Ya ujinga nitakuambia mwenyewe.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunampeleka dada yangu Mwamini kuolewa Makobola, na tulimpeleka kwa maji. Leo unapanda pikipiki na unafika hujamaliza hata kuimba wimbo mmoja. Wakati ule barabara ya Fizi ilikuwa ya kamio, yaani malori, mbili tatu za wanunuzi wa pamba, na mvua za Aprili zikianza ilikuwa ya vyura. Sisi tulikuwa watu wa ziwa. Nahodha wetu, Ramazani, alikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao wenye tanga moja la amerikani, tanga lenye viraka mpaka viraka vyenyewe vina viraka. Ukiondoka Uvira alfajiri, kabla ya saa sita uko Makobola. Safari fupi. Na safari fupi, mwanangu, ndiyo watu wanaifanyia mchezo.

Nyumbani kwetu bibi-arusi akitoka kwa baba yake hakukanyaga chini mpaka mama wa mume amtandikie mkeka. Alibebwa kutoka mlangoni hadi mtumbwini, na kule alikokwenda akabebwa tena. Akikanyaga njiani, wanawake walianza kunong'ona kwamba amejionyesha njia ya kurudi. Dada yangu alikuwa anaogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa mamba.

Sasa nikuambie habari ya shangazi yangu, maana mwanamke huyo ndiye sababu ya mimi kushika kalamu, na unajua kalamu na mimi hatupatani, sikupita darasa la pili.

Aliitwa Shangazi Sifa. Mnene, mweusi wa kung'aa, sauti yake akiitoa upande mmoja wa mto, wewe unaijibu ukiwa upande mwingine. Hakuwa na mtumbwi. Hakushika usukani hata siku moja. Lakini wanaume wenye mitumbwi, wanaume wenye ndevu, walikuja uani kwake kabla ya kuondoka, wakakaa kwenye kibao kidogo cha kupikia, magoti yamewafikia masikioni, wakamwuliza: "Mama Sifa, unaonaje?" Mume wake alikufa maji akiwa katika safari ya asubuhi moja tu, na ziwa halikumrudishia hata mkanda wake. Alimlilia mwaka mzima. Alipofuta machozi akaanza kujifunza ziwa jinsi mtu anavyojifunza tabia ya jirani mbaya.

Ziwa letu halijai na kupwa kila siku kama watu wa pwani wanavyosimulia bahari yao. Lakini lina saa zake. Alfajiri upepo unashuka kutoka mlimani, nyuma ya nyumba zetu, unakwenda ziwani taratibu, na maji ya kando yanalala. Huo ndio upepo wa kusafiria. Jua likipanda, upepo huo unachoka na kufa. Kunakuwa kimya kidogo. Kisha unakuja mwingine kutoka kati ya ziwa, unasukuma mawimbi kuelekea nchi kavu, na mahali ulipotaka kuegesha pamekuwa mahali pa kuvunjia mbao. Na Makobola wakati ule mitumbwi iliingia kwa mdomo wa mto. Kuna fungu la mchanga, na nyuma yake maji yametulia kama ya beseni. Ukiingia mapema, mto ukiwa mpole, unalala kwa amani. Ukiingia umechelewa, mto umejaa mvua ya mlimani na unasukuma nje, ziwa nalo linasukuma ndani, basi maji yanasimama wima katikati ya mlango.

Shangazi aliyajua haya yote na hakuwa na karatasi. Ramani yake ilikuwa unga wa muhogo. Jioni ya kabla ya safari, jua bado lipo, alimwaga unga kwenye ungo, akautandaza kwa kiganja, na kwa kidole akachora ufuko wote, kila mto, kila ncha ya nchi inayoingia majini. Kila mtu atakayepanda mtumbwi alikaa kuzunguka ungo, hata bibi-arusi, hata wapiga kasia. Alichora, kisha akawauliza.

Jioni ile alianza na Ramazani. "Unaondoka saa ngapi?"

"Kuku ya kwanza akilia, Mama Sifa."

"Kuku ya nani? Yako inalia ikisikia njaa. Unaondoka ukiweza kuona mistari ya mukono wako. Unatembea wapi?"

"Karibu na inchi. Nisikie bantu wanaongea."

"Usikie wanaongea, lakini usisikie wanasema nini. Ukisikia wanasema nini, iko mawe chini yako." Kidole chake kikasimama, nusu ya njia imekwisha kupita, kwenye pwani ndogo ya mchanga ambapo wanawake wafinyanzi walichimba udongo. "Na hapa?"

Ramazani akajikuna. "Hapa tunapita."

"Hapa hatupiti tu. Hapa tunaamua. Tukifika hapa na upepo wa mulima umekufa, tunashuka. Tukikuta mito inaleta maji ya matope, tunashuka. Hata kama unaona Makobola na macho, hata kama unasikia ngoma yao. Nani atarudia?"

Mwamini akainua mkono. "Shangazi, na miguu yangu?"

"Miguu yako nitaijua mimi."

Kila mmoja alirudia kipande chake, mimi pia. Asiyeweza kurudia, shangazi alimwambia hana chakula. Tulipomaliza wote, aliukung'uta ungo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, akasonga bugali, tukala na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ndiyo, mwanangu. Tuliila safari yetu. Mlango wa Makobola ulikwenda kwenye tumbo la Ramazani, na pwani ya wafinyanzi nadhani niliila mimi. Alisema mtu husahau alichoambiwa, lakini alichokimeza anabaki nacho angalau mpaka kesho mchana, na safari ilikuwa kesho asubuhi.

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki, na hiyo alinipa mimi. Alfajiri nitangulie nikaangalie mambo mawili. Kwanza niende hadi mto Kalimabenge nione rangi ya maji, kwa sababu mlimani mvua inaweza kunyesha usiku mzima na sisi chini tusipate hata tone. Pili niende ufukoni, wavuvi wa ndagala wakirudi na taa zao, niangalie mitumbwi yao imelowa upande gani na mpaka wapi.

"Usiwaulize kitu," aliniambia. "Mwanaume ukimwuliza ziwa lilikuwa namna gani, atasema lilikuwa muzuri, hata kama alilia huko. Angalia mbao. Mbao haiko na majivuno."

Basi, asubuhi ilifika. Niliamka vizuri, nikajifunga kiunoni kitambaa changu kipya, cha maua mekundu. Nilitakiwa kwenda mtoni kwanza, lakini mtoni kulikuwa mbali na kuna matope, na kitambaa ni kipya. Nikasema nianze na ufuko. Na ufukoni alikuwepo Bonifasi.

Bonifasi alikuwa kijana wa Kavimvira mwenye meno mazuri. Sina sifa nyingine ya kumpa. Aliegemea mtumbwi wa kaka yake, anatafuna muwa, shati limefunguliwa vifungo.

"Feza! Leo umevaa hivi, na bibi-arusi atavaa nini?"

"Niache, iko kazi. Shangazi amenituma niangalie ziwa na muto."

"Kuangalia nini? Minye nimetoka ziwani sasa hivi. Ziwa iko kama sahani ya mapadri. Na muto nimepita pale, maji unaweza kujiangalia uso. Kaa kidogo."

Nikakaa kidogo. Hicho kidogo kilikuwa kirefu, mwanangu. Alinisimulia jinsi alivyovua peke yake samaki wanne ambao watu wawili hawawezi kuinua. Mtumbwi aliouegemea sikuutazama hata mara moja, na ulikuwa nyuma ya mgongo wake. Niliporudi mbio, jua lilikuwa limeanza kuchungulia juu ya milima ya Burundi, na Mwamini alikuwa amekwisha kubebwa na wajomba, amekaa ndani ya mtumbwi juu ya valizi yake, sanduku la nguo, khanga usoni.

Shangazi alikuwa amesimama majini hadi magotini. "Umechelewa. Muto?"

"Iko safi, shangazi."

"Mitumbwi?"

"Mikavu."

"Umeona na macho yako?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Watu wanaimba, Ramazani ameshika kamba ya tanga, mama yangu analia, na mimi na maua yangu mekundu. Nikasema: "Na macho yangu."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma hata leo kuliko yote yaliyofuata. Aliniamini palepale, akapanda.

Tuliondoka. Na sitakudanganya, ilikuwa safari tamu. Upepo wa mlimani ulijaza lile tanga la viraka, maji yakawa yanaongea chini ya mbao. Tulipita vijiji tukisikia watu wanaongea lakini hatusikii wanasema nini. Shangazi alikaa mbele kabisa, mgongo wake mpana kama mlango wa misioni, akitaja kila mto kabla hatujauona, na kila mto ulitokea pale alipoutaja, kama watoto wanaoitwa majina shuleni. Ilikuwa mito midogo isiyotoka juu mlimani, maji yake hayakutuonya kitu. Nilimtazama nikajiona mdogo. Alikuwa ameweka mbao zote za safari ile mahali pake, isipokuwa ule ubao mmoja alioniachia mimi.

Tulipokuwa tunakaribia pwani ya wafinyanzi, upepo ulianza kupungua. Haujafa, unapumua kwa shida tu. Ramazani alitazama jua, akamtazama shangazi, akasema haraka: "Bado upepo iko, Mama Sifa. Tunasukuma na kasia kidogo, tunafika."

Ndipo ukapita mgomba. Shina zima la mgomba, mizizi yake na udongo juu, majani yake bado mabichi ya kijani, unaelea pembeni yetu kama abiria mwingine. Shangazi aliunyooshea mkono, akaligusa jani, akalivunja kipande. Lilitoa maji. Mgomba huo uling'olewa usiku uleule. Mto fulani ulikuwa umeubeba.

Hakupiga kelele. Aligeuka nusu tu. "Feza. Kalimabenge ilikuwa rangi gani?"

Wote walinitazama. Wapiga kasia, Ramazani, dada yangu nyuma ya khanga yake. Ningeweza kusema tena "safi". Ningesema hivyo, Ramazani angeendelea, maana kila mtu alitaka kuendelea, na Mwamini angefika bila kukanyaga chini, na hakuna mtu angejua juu ya Bonifasi.

"Sikuendaka mutoni, shangazi."

Kasia zilisimama.

"Na mitumbwi?"

"Sikuangalia. Bonifasi alinisemea."

"Bonifasi!" Ramazani aliruka, mtumbwi ukayumba. "Bonifasi ya Kavimvira? Ule anaamka jua ikimuchoma tumboni? Jana usiku hakuvua, alikuwa kwetu anakula!"

Shangazi aliinua mkono mmoja, Ramazani akanyamaza. "Hasira tutakula kesho. Geuza. Tunashuka kwa wafinyanzi."

"Mama Sifa, Makobola ile pale! Sikia ngoma!"

"Jana ulikula nini?"

"Bugali."

"Ulikula mahali ya kugeuka. Umeitapika?"

Ramazani akashika usukani. Akageuza. Hapo Mwamini alianza kulia kwa sauti, si machozi ya bibi-arusi yale ya kuonyesha watu, machozi kabisa. "Nitakanyaga chini! Watasema nimejirudisha! Feza, weye umeniua!"

"Hutakanyaga," shangazi akasema. Akaniangalia, na macho yake hayakuwa na ukali wowote, ndiyo maana niliyaogopa. "Feza iko na mugongo."

Mwanangu, kutoka pwani ya wafinyanzi hadi Makobola ilikuwa mwendo wa saa nzima na zaidi, njia inapanda inashuka. Na dada yangu hakuwa mwepesi. Alikuwa amelishwa miezi mitatu ndani ya nyumba ili apendeze. Wanawake wafinyanzi waliacha udongo wao, wakatushangilia, mmoja akanifunga ngata begani. Nikainama, Mwamini akapanda mgongoni kwangu, shangazi akamfunga kwa khanga kama mtoto mchanga. Ramazani aliwaachia wapiga kasia mtumbwi, akabeba valizi kichwani. Nikichoka, aliiweka chini, Mwamini akakaa juu yake miguu hewani, kisha tukaendelea. Mara ya kwanza alikuwa bado ananilaani sikioni. Mara ya tatu alianza kucheka. "Feza, unanuka kama mbuzi ya mahari." Nikamwambia mbuzi wa mahari angalau anatembea mwenyewe.

Kitambaa changu cha maua mekundu kilikwisha siku hiyo. Kililoa jasho, kikachanika pembeni, sikukijali.

Tulipofika mahali njia inapoinuka juu ya Makobola, tuliona mlango wa mto. Upepo wa ziwa ulikuwa umekwisha kuja. Maji ya mto yalikuwa mekundu kama udongo wa matofali, yanatoka kwa nguvu, na pale yalipokutana na ziwa yalisimama, yakaanguka, yakasimama tena. Mtumbwi mmoja wa ndizi uliotoka kusini ulijaribu kuingia mbele ya macho yetu. Uligeuzwa juu chini haraka kuliko unavyogeuza chapati. Wanaume wanne waliushikilia tumbo, wenzao wakawatupia kamba kutoka kwenye fungu la mchanga, wakavutwa mmoja mmoja, hai. Ndizi zao zilienda Burundi.

Na kwetu kulikuwa na bibi-arusi ambaye hakujua kuogelea, amevaa vitambaa vinne.

Ramazani alivua kofia. Alisema polepole, kama mtu anayejisemea: "Minye ningeingia pale."

"Najua," shangazi akasema.

Mwanamke mwingine angepiga vigelegele, angempigia Ramazani hesabu ya kila neno alilobishana. Yeye alinyoosha khanga ya Mwamini, akasema tushuke, wakwe wanangoja. Na chini, mama mkwe alipouliza kwa nini bibi-arusi anatoka milimani badala ya majini, shangazi alijibu: "Muto yenu leo haiko na heshima, mama. Tumepita kwa mulango wa nyuma." Wote walicheka, mkeka ukatandikwa, nikainama, na dada yangu akaweka mguu wake wa kwanza juu ya mkeka huo. Alizeekea Makobola na mume wake. Hakurudi Uvira ila kwa matanga na sikukuu.

Mchana ule, ngoma ikilia, shangazi alinivuta nyuma ya jiko, akanikanda mabega kwa maji ya moto. Nilingoja anipige. Akasema: "Ulinidanganya ufukoni, nikakosa kuona. Ukaniambia kweli ziwani, nikaona tena. Ungeniambia tukiwa kwenye ule mulango, ingekuwa kweli ya kilio tu. Uliniambia inchi ingali karibu." Akakanda, akakanda. "Kesho kutwa Ramazani anarudi Uvira. Nani ataangalia maji?"

Nikadhani atamtaja mwingine. Akasema: "Weye."

Tangu siku ile alinituma mimi kila mara, kwa miaka yote aliyobaki nayo. Mtu niliyemdanganya akanirudishia kazi ileile. Sijaona ukubwa wa mtu kupita huo, na nimeona watawala wenye kofia na vyeo wakipita Uvira.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuwekee maneno waziwazi. Safari yoyote unayoianza, iwe ya maji, ya ndoa, ya biashara pale Luvungi au ya kwenda kusoma Bukavu, kaa chini kabla, na wote mtakaokwenda nayo wakae. Ijue saa ya kuondoka, ujue njia, na chagua mapema mahali utakapogeukia, ukiwa bado una akili ya nyumbani, maana ukifika pale na ngoma inalia mbele yako, hutapachagua tena. Ukitumwa kuangalia, nenda ukaangalie kwa miguu yako, hata kama kuna matope na kitambaa ni kipya. Usilete maneno ya mtu mwenye meno mazuri ukayaita macho yako. Na kama hukuangalia, sema hukuangalia. Sema ukiwa bado ufukoni ukiweza. Ukishindwa, sema ziwani, huku nchi bado inaonekana. Aibu yake utaibeba kwa saa nzima na mabega yatapona. Nakuambia kwa mabega haya.

Na ukidanganywa na mtoto wako kisha akakuambia kweli kwa wakati, mpe tena kazi ileile.

Mungu akuamshe kila siku kabla upepo wa mlimani haujachoka. Akupe watu watakaokuambia rangi ya mto kama ilivyo, na wewe uwe mmoja wao kwa wengine. Akufikishe mkekani na miguu mikavu, na huko ufikako wakupokee kwa vigelegele. Amina, mwanangu, amina.